Kisubi huuma mara moja, ngozi huwasha miezi: seli za kinga katika mzio wa farasi na punda

Jua likielekea kuzama, ufukweni mwa Ziwa Victoria kuanzia Igombe hadi Magu hewa hujaa wadudu wa aina mbili, na watu wengi huwachanganya. Wa kwanza ni wale wanaopanda kutoka ziwani kama nguzo ya moshi, wakaingia machoni, puani na kwenye sufuria, na asubuhi ukawazoa kwa ufagio chini ya taa. Hao hawaumi mnyama. Hawana mdomo wa kunyonyea damu. Wa pili humwoni vizuri mpaka uiname. Ana urefu wa milimita 1 hadi 3, hatoki ziwani bali kwenye tope la majaruba, kingo za lambo na samadi mbichi ya ng'ombe, na huja kimya. Huyo ndiye kisubi, wa jamii ya Culicoides, na mate yake ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa ngozi kwa farasi duniani kote. Punda nao huupata.

Mnyama mwenye mzio huu hutambulika kwa mbali. Singa za shingoni zimekatika, mkia umebaki kama ufagio uliochakaa, ngozi ya shina la mkia imekunjamana, na nguzo ya zizi imelainika kwa kusuguliwa. Mwenye punda hununua dawa ya kupe, hunyunyizia, haoni nafuu, hurudi dukani kununua nyingine. Kinachompotosha ni kwamba kisubi alishaondoka zamani. Ngozi inaharibiwa na seli za kinga za punda mwenyewe, na kila kundi la seli hizo lina muda wake wa kazi, tuuite saa yake: lipo la dakika, lipo la saa, lipo la siku, na lipo la miaka. Dawa inayolifuata kundi ambalo zamu yake imekwisha ni fedha iliyotupwa.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu farasi na punda. Utafiti mwingi umefanywa kwa farasi, Ulaya hasa. Kanda ya Ziwa farasi ni wachache kwa sababu zinazoeleweka: nagana inayoenezwa na mbung'o huwaua, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao nao huenezwa na visubi, huwaua zaidi. Punda huhimili vizuri zaidi, ndiyo maana ndiye anayebeba maji, mpunga na mkaa katika vijiji vya Usukumani. Ngozi na kinga za wanyama hawa wawili zinafanana kiasi kwamba yaliyojulikana kwa farasi yanamsaidia mwenye punda, ila vipimo vya dawa visinakiliwe bila kuangalia uzito.

Ngozi inavyofundishwa kukosea

Kisubi jike pekee ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Hadungi kwa sindano nyembamba kama mbu. Hukata ngozi kwa vipande vya mdomo vilivyo kama msumeno, damu ikajikusanya katika kidimbwi kidogo, naye akanywa. Ili damu isigande, humwaga mate yenye protini za kuzuia mgando na za kutanua mishipa. Kwa mnyama asiye na mzio, protini hizo huacha kinundu kidogo ambacho hupotea baada ya saa chache, na habari inaishia hapo.

Kwa mnyama anayeelekea kupata mzio, mambo huanza na seli za ngozi yenyewe, zile za tabaka la juu zinazoitwa keratinosaiti. Zamani zilihesabiwa kama matofali tu, ukuta wa kuzuia uchafu. Leo inajulikana kwamba zinapojeruhiwa hupiga kamsa: hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo ikiitwa TSLP, zinazoziambia seli za jirani kwamba kuna uvamizi na kwamba uvamizi huo unafanana na wa minyoo au wadudu. Hapo seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuokota vitu vigeni na kuvipeleka kuonyeshwa, hubeba vipande vya protini za mate hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu.

Ndani ya tezi kuna seli T, seli nyeupe zinazoongoza kinga, ambazo bado hazijapangiwa kazi. Zikionyeshwa protini ya mate, zinaweza kuelekea njia tatu tofauti. Njia ya kwanza huzaa seli T saidizi za kundi la kwanza, zinazotoa interferoni-gama na kwa kawaida hupambana na virusi na bakteria wa ndani ya seli. Njia ya pili huzaa kundi la pili, lililoumbwa kwa ajili ya minyoo na wadudu. Mgawanyo huu wa makundi mawili uligunduliwa kwa panya na Mosmann na Coffman mwaka 1986, na farasi nao wamekutwa hivyo hivyo. Njia ya tatu huzaa seli T dhibiti, ambazo hutoa intalukini-10, mmoja wa jumbe za kemikali ambazo seli za kinga hutumiana, na kuwaambia wenzake watulie.

Mzio ni pale kundi la pili linapotawala na seli dhibiti zikawa chache au dhaifu. Kundi la pili hutuma jumbe nne ambazo inafaa kuzikumbuka, kwani tiba zote za kisasa zinazunguka hapo. Intalukini-4 na intalukini-13 huziamuru seli B, ambazo ndizo kiwanda cha kingamwili, zitengeneze kingamwili ya aina ya IgE. Intalukini-5 huuamuru uboho uzalishe eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, kwa wingi na kuzirefushia maisha. Intalukini-31 huenda moja kwa moja kwenye neva za ngozi na kusema: washa.

IgE haikai sana kwenye damu. Husambaa mwilini na kujipachika kwenye seli masti, ambazo zimejipanga ngozini kando ya mishipa midogo ya damu na miisho ya neva. Seli moja ya masti inaweza kuvaa maelfu ya IgE, kila moja ikisubiri protini ileile ya mate. Punda wakati huo hajaanza kujikuna. Ametegwa tu. Hatua hii huchukua muda mrefu, ndiyo maana farasi wengi huonyesha dalili za kwanza wakiwa na umri wa miaka 2 hadi 4, baada ya misimu kadhaa ya kuumwa. Mwenye mnyama anayesema "lakini amekaa hapa miaka yote bila tatizo" anasema kweli, na maneno yake hayapingani na mzio hata kidogo.

Dakika: seli masti

Mwaka 1878 Paul Ehrlich, akiwa bado mwanafunzi, alizipaka rangi seli zilizojaa chembechembe na akazipa jina kutokana na neno la Kijerumani la kunenepesha, akidhani zimejilisha mno. Zile chembechembe hazikuwa chakula. Ni vifuko vya histamini, vimeng'enya na heparini, vilivyokwisha kufungashwa vikingojea amri.

Amri hutolewa hivi. Kisubi akiuma tena, protini yake hushikwa na IgE mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja, kama jiwe linaloangukia nyuzi mbili za mtego. IgE moja peke yake haitoshi; lazima ziunganishwe. Zikiunganishwa, ndani ya dakika chache vifuko hufunguka na kumwagwa nje. Histamini hulegeza kuta za mishipa midogo, maji ya damu yakavuja, ngozi ikavimba. Kipimo cha mzio kinachofanywa kwa kudunga kiasi kidogo sana cha dondoo la visubi ndani ya ngozi husomwa kwa mara ya kwanza baada ya dakika 15 hadi 30 kwa sababu hiyo: hapo unaisoma seli masti.

Lakini kipimo hicho husomwa tena baada ya saa 4 hadi 6, na tena baada ya saa 24 hadi 48. Wapo wanyama ambao uvimbe wa dakika 20 ni mdogo na wa kesho yake ni mkubwa. Hapo ndipo dawa za kuzuia histamini, zile tulizozoea kutumia sisi wenyewe mafua ya mzio yakitubana, zinaposhindwa kwa farasi. Huziba mlango wa histamini, lakini histamini ni mwanzo tu wa shauri. Ukimpa punda vidonge hivyo jioni wakati ngozi imeshavimba tangu juzi, umefunga mlango ambao wageni wameshaupita.

Saa: eosinofili

Ukitaka kuiona seli nzuri kuliko zote katika damu, tazama eosinofili ya farasi. Kwa wanyama wengi chembechembe zake ni ndogo na zimetawanyika. Za farasi na punda ni kubwa, za mviringo, zimebanana, na zikipakwa rangi ya Giemsa hung'aa rangi ya chungwa iliyokolea, seli nzima ikafanana na tunda la forosadi. Mtaalamu wa maabara akiiona mara moja haisahau.

Ndani ya chembechembe hizo kuna protini zenye sumu kali, zikiwemo za kutoboa ngozi ya kiluwiluwi cha mnyoo. Eosinofili iliumbwa kwa adui mkubwa asiyeweza kumezwa, kwa hiyo mtindo wake ni kummwagia silaha kwa nje. Seli masti ikishapiga kengele, na intalukini-5 ikiwa tele, eosinofili hutoka kwenye damu na kuingia ngozini kuanzia saa chache baada ya kuumwa, kisha hubaki humo kwa siku. Mnyoo haupo. Sumu humwagwa kwenye ngozi ya mwenye nyumba: seli za tabaka la juu hufa, maji ya njano hutoka, gamba hujengeka.

Hapa kuna mtego kwa wanaotegemea kipimo cha damu. Punda wetu wengi wana minyoo, na minyoo peke yake inatosha kupandisha idadi ya eosinofili katika damu. Kwa upande mwingine, mnyama mwenye mzio mkali wa ngozi anaweza kuwa na damu ya kawaida kabisa kwa kuwa eosinofili zake zimeshahamia ngozini. Idadi ya damu haithibitishi mzio wala haiukanushi. Hata eosinofili zilizoonekana kwenye kioo kilichogandamizwa kidondani si uthibitisho, kwani vidonda vinavyosababishwa na viluwiluwi wa Habronema, wanaoletwa na nzi, navyo vimejaa seli hizo. Tofauti yake ni kwamba vidonda vya Habronema huwa na punje ngumu za njano kama mchanga wa mtama, na hupenda kona ya jicho, pembe za mdomo, miguu na uume.

Siku, na duara la kujikuna

Kuanzia siku ya kwanza hadi ya tatu, seli T zenyewe huingia ngozini kwa wingi. Hizi ndizo zinazouendesha ugonjwa mkongwe. Zinaendelea kutoa intalukini-31, neva zinaendelea kuwaka, mnyama anaendelea kujisugua. Kujisugua kunararua keratinosaiti. Keratinosaiti zilizoraruka hupiga kamsa ileile ya TSLP. Kamsa huleta seli za dendriti, seli za dendriti huamsha seli T zaidi, na duara linajizungusha lenyewe hata kisubi asipouma tena wiki nzima. Bakteria waliokuwa juu ya ngozi wanapata upenyo, usaha unaongezeka, na mwasho unapata chanzo kingine.

Nimelikazia hili kwa sababu linaeleza kosa la kawaida kuliko yote: mtu anamkinga punda wake vizuri kwa siku nne, haoni mabadiliko, anaacha. Siku nne ni chache mno. Seli T zilizokwisha kukaa ngozini zinahitaji wiki mbili hadi tatu bila mate mapya ndipo mwasho upungue kwa kuonekana, na singa huchukua miezi kuota tena.

Miaka: kumbukumbu na seli dhibiti

Ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu saa hii ndefu umetoka Iceland. Kisiwa kile kilikataza kuingiza farasi kutoka nje karibu miaka elfu moja iliyopita, na farasi wake waliishi vizazi vingi bila kuumwa na visubi wanaoleta mzio huu. Farasi hao husafirishwa na kuuzwa bara la Ulaya. Wale waliozaliwa Iceland na kuhamia bara wakiwa wakubwa, wakakaa miaka miwili au zaidi kwenye maeneo yenye visubi, karibu nusu yao huugua. Farasi wa uzao uleule waliozaliwa bara, wakaumwa na visubi tangu utotoni, wanaougua ni chini ya 10 katika 100.

Damu ni ileile, kisubi ni yuleyule. Kilichotofautiana ni wakati seli T zilipokutana na mate kwa mara ya kwanza. Wachunguzi walipolinganisha seli za damu za makundi haya, walikuta kwamba wenye afya wana uwezo mkubwa zaidi wa kutoa intalukini-10 ya seli dhibiti, na wenye mzio wanaelemea intalukini-4. Mtoto anayekutana na mate akiwa bado ananyonya, mwili wake hujifunza kuyavumilia. Mkubwa anayeyakuta ghafla hujifunza kuyapiga vita. Urithi nao una sehemu yake, kwa hiyo dume au jike lenye mzio mkali ni bora lisizalishwe, hata kama lina nguvu za kukokota.

Kwetu ufukweni, jirani na ikweta, hakuna majira ya baridi. Farasi wa Ulaya hupumzika tangu majani yanapopukutika hadi majira ya kuchipua, na saa ya siku hupata nafasi ya kusimama. Punda wa Misungwi au Sengerema hana likizo hiyo. Ana vipindi vya nafuu tu.

Kabla hujaiita mzio

Uliza kwanza: ni punda wangapi wanaojikuna? Mzio huchagua mmoja katika kundi. Ikiwa wote wanaovalishwa hatamu ileile wameanza kujikuna ndani ya mwezi mmoja, tafuta utitiri wa upele au chawa, na anza na watu wa nyumbani pia, maana aina moja ya utitiri huo humrukia binadamu.

Kwa utitiri, daktari wa mifugo hukwangua ngozi. Wembe huhitaji kufifishwa makali kidogo na kupakwa mafuta mepesi. Hukwangua pembeni mwa kidonda, si katikati, mpaka vitone vya damu vitokeze, kwa kuwa utitiri wa upele huchimba chini. Kilichopatikana huwekwa kwenye kioo, hufunikwa kwa kioo chembamba, na hutazamwa kwa lenzi ya mara 4 kisha ya mara 10, taa ikiwa imepunguzwa. Kosa la kawaida ni kukwangua juujuu na kutangaza kwamba hakuna kitu. Ukihitaji uchunguzi zaidi, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza.

Visubi pia hueneza mnyoo wa Onchocerca cervicalis, ambaye vijidudu vyake vidogo hukaa ngozini na kuleta mwasho tumboni na usoni. Ivermectini huviua. Kipimo ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito kwa njia ya mdomo, kwa hiyo punda wa kilo 140 hupewa miligramu 28. Usimchome farasi au punda ivermectini ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe. Sindano hiyo imewahi kuleta uvimbe hatari na uambukizo wa misuli kwa farasi. Na dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, ambayo ni ya kawaida kwa ng'ombe, isimguse kabisa: husimamisha matumbo ya farasi, na mnyama hufa kwa msokoto. Soma jina la kiambato kwenye kopo, usitosheke na picha ya kupe.

Dawa na saa zake

Steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga, hufanya kazi kwa kuwa zinagusa saa zote isipokuwa ya kwanza. Huingia ndani ya seli, hufika kwenye kiini, na kuzima uandishi wa zile jumbe za intalukini. Eosinofili zikikosa ujumbe wa kuishi hufa zenyewe. Kwa farasi hutumika prednisoloni, si prednisoni, kwani utumbo wa farasi huinyonya prednisoni vibaya. Kiasi cha kuanzia ni kama miligramu 1 kwa kilo, mara moja asubuhi. Kwa punda wa kilo 140 hiyo ni vidonge 28 vya miligramu 5, jambo linaloeleza kwa nini vidonge vitatu alivyopewa kwa kukisia havikufanya lolote. Baada ya siku chache kiasi hupunguzwa hatua kwa hatua hadi siku moja ndiyo, moja hapana.

Bei yake kiafya ni kubwa, na hapa sipunguzi neno. Steroidi zinaweza kuleta uvimbe ndani ya kwato, ugonjwa unaoweza kumlemaza punda moja kwa moja. Hufungua mlango kwa maambukizi, na nagana iliyojificha huweza kuibuka. Punda akiacha kula, mafuta humiminika kwenye damu na ini, na steroidi huongeza hatari hiyo. Jike mwenye mimba asipewe bila daktari. Ni dawa ya kuvunja duara la kujikuna, ili kinga dhidi ya visubi ipate nafasi. Ukiitumia bila kuzuia visubi, utairudia kila mwezi mpaka kwato zikatae.

Zürich, Uswisi, walijaribu njia inayoigusa saa ya eosinofili peke yake: chanjo inayoufundisha mwili wa farasi kutengeneza kingamwili dhidi ya intalukini-5 yake mwenyewe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018 kwa farasi 34 wa Iceland, asilimia 47 ya waliochanjwa walipata nafuu ya nusu ya dalili au zaidi, dhidi ya asilimia 13 ya waliopewa chanjo bandia. Kundi hilohilo lilitengeneza nyingine dhidi ya intalukini-31. Matokeo hayo yanatufundisha jambo zaidi ya chanjo: zaidi ya nusu hawakufikia nafuu hiyo hata eosinofili zilipopungua, kwa hiyo seli hizo ni sehemu ya ugonjwa, si ugonjwa wote. Watafiti wa Bern, Uswisi, na wa Iceland kwa pamoja wanafuata saa ya miaka, wakichanja kwa protini safi za mate ya kisubi ili seli T zijifunze upya kabla mzio haujaanza.

Kumzuia kisubi ufukweni

Kila saa niliyoitaja huanzia kwenye tone moja la mate. Ukilizuia hilo, umezuia zote nne, na kazi hii haihitaji maabara.

Kisubi ni mrukaji dhaifu. Upepo ukifika mita 3 kwa sekunde, huacha kuruka. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Katikati ya mageuzi hayo, jua linapozama, hewa hutulia, na ndiyo saa anayoamka. Kwa hiyo punda mwenye mzio asilale bondeni kando ya majaruba. Mpeleke juu, kwenye vile vilima vya mawe ambako upepo haukatiki, mita mia kadhaa kutoka kwenye tope, maana visubi wengi hawaendi mbali na walikozaliwa. Awe pembeni na zizi la ng'ombe vilevile: Culicoides bolitinos huzaliana ndani ya samadi ya ng'ombe na huingia ndani ya banda bila woga. Culicoides imicola, aliyeenea sana Afrika, hapendi kuingia ndani, kwa hiyo kwake hata banda lenye paa na kuta tatu linasaidia.

Imicola ana tabia nyingine ya kufaa kujua. Buu wake, akifikia hatua ya kugeuka, huzama na kufa akifunikwa na maji. Jaruba lililojaa maji si la hatari kama jaruba linalokauka polepole, likiacha tope lenye mbolea na majani mafupi. Ulinzi uimarishwe masika yanapoisha, si mvua inaponyesha tu. Rekebisha bomba linalovuja kwenye birika la maji, sogeza samadi, kausha tope la mlangoni.

Safari za maji ni shida ya pekee, kwa kuwa desturi ni kwenda ziwani alfajiri, saa ya visubi. Punda mwenye mzio aondoke jua likiwa limepanda, kama saa 3 asubuhi, na awe amerudi bandani kabla ya saa 11 jioni.

Chandarua cha kawaida cha mbu hakimzuii kisubi, kwa sababu mwili wake ni mwembamba kuliko matundu yake. Tumia kitambaa cha pamba kinachofunika shingo hadi shina la mkia, kilichoshonwa kisiteleze. Dawa ya permethrini iliyoandikwa kwamba inafaa kwa farasi hupakwa kwenye mstari wa mgongo, singa na mkia. Dawa za kundi hilo huua samaki na dagaa kwa mikrogramu chache katika lita moja ya maji, kwa hiyo mnyama aliyepakwa asiogeshwe mwaloni wala bomba la kunyunyizia lisisuuzwe huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni kwa ajili ya kulilinda ziwa. Pima umbali huohuo. Moshi wa samadi kavu husaidia ukiwa wazi na mwepesi, lakini ndani ya banda lililofungwa huharibu mapafu. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka, huunguza ngozi iliyokwisha kuraruka na kumrudisha mnyama kwenye kamsa ya TSLP.

Ngozi yenye usaha ioshwe kwa klorheksidini ya asilimia 2, povu likae dakika 10 ndipo lisuuzwe kwa maji ya baridi, mara mbili kwa wiki. Andika tarehe ulipoanza, na kila Jumapili pima kwa vidole upana wa upara kwenye shingo na shina la mkia. Wiki ya kwanza usitegemee kitu. Wiki ya tatu magamba yakiwa yamekauka na nguzo ya zizi haina singa mpya zilizonasa, endelea hivyohivyo. Yasipokauka, mrudishe kwa daktari akwangue tena.